Wanaotoa tuzo za ubunifu kwa wanafunzi watoe hesabu

Hukumu kwanza, maelezo baadaye. Tuzo nyingi za sayansi na ubunifu wanazopewa wanafunzi wa nchi hii zinamnufaisha anayetoa kuliko anayepokea. Mtoaji anapata picha gazetini, sekunde kadhaa kwenye taarifa ya habari ya saa 2 usiku na aya ya kujisifia katika ripoti yake ya mwaka. Mwanafunzi anapata cheti, makofi na safari ndefu ya kurudi nyumbani. Hatusemi tuzo zifutwe. Tunasema yeyote atakayesimama jukwaani mwaka huu kukabidhi tuzo aeleze kwanza ile ya mwaka jana imefikia wapi, na asiye na jibu arudi kwenye kiti chake.

Aliyewahi kuhudhuria hafla hizi anaijua ratiba yake bila kuisoma. Wanafunzi wapo ukumbini tangu saa 1 asubuhi, sare zimepigwa pasi, mbele yao meza yenye karatasi za manila, nyaya, betri na chupa za plastiki zilizokatwa. Majaji wanapita na fomu zao, kila meza dakika chache. Mgeni rasmi aliyetarajiwa saa 4 anaingia saa 6. Anatambulishwa, naye anawatambulisha alioongozana nao, na kila anayepewa kipaza sauti anasema itifaki imezingatiwa kisha anaanza kuitaja upya. Mchana ukielekea kwisha unaletwa mfano wa hundi, kadibodi pana kuliko mtoto anayeishika, nembo ya mfadhili ikiwa kubwa mara 3 ya jina la mshindi. Picha ya pamoja inapigwa. Wageni wanaelekea kwenye chakula. Huko nje mwalimu wa fizikia anabishana na kondakta, kwa sababu kadibodi ile haiingii kwenye buti la basi, na nauli ya kurudi, kama ile ya kuja, inatoka mfukoni mwake.

Kwenye taarabu tunalielewa jambo hili vizuri. Anayekwenda kutuza huinuka na noti mkononi, akapita katikati ya ukumbi kwa madaha, na kwa muda huo macho yote yanamwangalia yeye, si mwimbaji. Hakuna ubaya wowote. Ile ni burudani na kila mmoja amelipa kiingilio akijua. Ubaya unaanza pale mtindo huohuo unapohamishiwa kwenye elimu ya watoto, kwa fedha ambazo nyingine ni za umma, halafu ukaitwa mkakati wa kukuza sayansi.

Kisa cha Erasto Mpemba kingepaswa kusomwa kwa sauti katika kila kikao cha maandalizi. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Lushoto. Vijana pale walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanachanganya na sukari, wanasubiri yapoe ndipo wanayaingiza kwenye jokofu. Nafasi jokofuni ilikuwa ya kugombewa. Siku moja Mpemba alimwona mwenzake anawahi na maziwa ambayo hata hakuyachemsha. Akaamua liwalo na liwe, akaingiza ya kwake yakiwa ya moto. Baada ya saa 1 na nusu walirudi kutazama. Ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado mfano wa uji mzito. Akamuuliza mwalimu wa fizikia sababu. Akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, akauliza tena siku walipofundishwa kanuni ya Newton kuhusu kupoa kwa vitu. Mwalimu mwingine, jibu lilelile, safari hii na kejeli juu yake: hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia nzima. Darasa likapata utani wa kudumu, na kila alipokosea hesabu wakaipa jina lake. Hakunyamaza. Siku alipoikuta maabara ya biolojia iko wazi alichukua bika 2, akatia maji ya bomba katika moja na ya moto katika nyingine, akajaribu mwenyewe. Kisha Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipokuja shuleni kuzungumza, Mpemba akasimama akauliza mbele ya wote. Wenzake walicheka, wengine waliona anaiaibisha shule. Osborne hakucheka. Aliahidi kulijaribu jambo lenyewe akirudi Dar es Salaam, na akatimiza. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education. Wakati huo Mpemba alikuwa amekwenda kusomea wanyamapori katika chuo cha Mweka, Moshi, na kazi yake ikawa katika fani hiyo.

Sasa tazameni nani aliyekuja kutoa tuzo. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitangaza pauni 1,000 kwa atakayeeleza vizuri zaidi kwa nini maji ya moto huweza kuganda kabla ya ya baridi. Majibu yalimiminika kutoka pande zote za dunia, yakapita 22,000, na aliyeshinda alikuwa Nikola Bregović wa Kroatia. Ubishi wenyewe haujaisha. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia majaribio wakasema hawakuona ushahidi wa kuridhisha kwamba jambo hilo hutokea. Hilo halimpunguzii chochote kijana wa Magamba. Swali lililowafanya wataalamu wa kizazi kizima wapime, wabishane na wapime tena ni swali zuri, hata jibu lake likienda upande wowote. Mcheza kwao hutunzwa, tunasema. Mpemba alicheza kwao akazomewa.

Na tuulizane bila kuoneana haya: je, Mpemba angeingia hatua ya fainali katika mashindano yetu ya leo? Hakuwa na mashine. Hakuwa na taa inayowaka ukibonyeza kitufe. Alikuwa na maziwa yaliyoganda na swali ambalo mwalimu wake alilikataa. Majaji wetu wanavutwa na kinachowaka, kinacholia au kinachozunguka, na wanafunzi si wajinga, wameshalijua hilo. Ndiyo maana mwaka baada ya mwaka meza zinajaa mashine za kutotolesha vifaranga, majiko banifu, ndoo za taka zinazojifungua zenyewe na vifaa vya umwagiliaji vyenye simu ndani yake. Vingi vimetengenezwa kwa ustadi. Lakini ukimuuliza mtoto aliyesimama nyuma ya meza amejaribu mara ngapi, kitu kilishindwa wapi na alipima nini, mara nyingi anamtazama mwalimu. Anayepewa tuzo hapo ni fundi wa maonyesho. Mwanafunzi aliyetumia muhula mzima kupima kina cha kisima cha kijiji kila wiki na kuchora grafu yake kwa penseli anarudi na cheti cha ushiriki.

Kama kuna mtu wa kupewa fedha kabla ya wote, ni mwalimu. Tuzo za wanafunzi zinamsahau kwa namna ya kushangaza. Anaitwa jukwaani kushika upande mmoja wa ngao, basi. Kenya ilipata somo zuri Machi 2019, pale Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia katika Sekondari ya Keriko, kijiji cha Pwani, Nakuru, aliposhinda huko Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani yenye thamani ya dola milioni 1. Shule yake ilikuwa na kompyuta 1, intaneti ya kusuasua na wanafunzi 58 kwa mwalimu mmoja. Alikuwa akienda kwenye vibanda vya intaneti kupakua masomo, kisha akayatumia darasani bila mtandao. Sehemu kubwa ya mshahara wake aliitoa kwa maskini. Klabu yake ya sayansi ilipeleka wanafunzi kwenye maonyesho ya kimataifa ya Arizona, Marekani, na vijana wake walitambuliwa na wanakemia walewale wa Uingereza kwa kuzalisha umeme kutokana na mimea ya kwao. Ni sifa kubwa kwa Tabichi. Kwa waliomwacha na kompyuta moja hadi Dubai ilipomwona, ni aibu, na hatujui kwa nini watu waliokwenda kumpokea uwanja wa ndege hawakuonekana kuihisi.

Kwetu hapa Tanzania, Jakaya Kikwete alipokuwa Rais aliagiza kila sekondari ya kata ijenge maabara 3, ya fizikia, ya kemia na ya biolojia, na wananchi walichangishwa hadi wengine wakachukuliwa mbuzi. Kuta zilisimama. Tulivyotaka ndani yake, yaani mizani, kemikali, vipimajoto na fundi wa maabara mwenye ajira, vimekuja kwa kudonoadonoa. Gharama ya hafla moja ya tuzo, ukijumlisha ukumbi, jukwaa, mapambo, fulana, posho za kamati na chakula cha meza kuu, ingejaza rafu za maabara kadhaa. Hatuna sababu ya kulisema hili kwa upole.

Wapo wanaofanya vizuri, na tunawataja ili isionekane kwamba tunadai yasiyowezekana. Tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi, inayoendeshwa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza tangu 2014, ilimpata mshindi wake wa kwanza Arusha. Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alipewa pauni 25,000 mwaka 2015 kwa chujio la maji linalounganisha mchanga na chembe ndogo mno zinazonasa uchafu ambao mchanga peke yake hauuwezi, ikiwemo madini ya floraidi. Mtu wa Arusha hahitaji kuelezwa floraidi ni nini. Anaiona kwenye meno ya jirani yake. Fedha zile zilimsaidia, lakini tunachokisifu zaidi ni kilichotangulia. Wanaoteuliwa kuwania tuzo hiyo hupitishwa miezi 8 wakifundishwa namna ya kupanga bei, kutafuta soko, kulinda wazo lao na kuzungumza na wanunuzi, na mafunzo hayo wanayapata hata watakaoshindwa. Siku ya sherehe ni kipande kidogo cha kazi. Mwaka 2024 tuzo hiyo ilikwenda kwa Esther Kimani wa Kenya, kwa kifaa kinachogundua mapema wadudu na magonjwa shambani, na kiasi kilikuwa kimepanda hadi pauni 50,000.

Richard Turere naye anafaa kukumbukwa. Alikuwa mtoto wa miaka 11 akichunga ng'ombe wa baba yake pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, simba wakivamia zizi usiku. Aligundua kwamba simba wanaogopa mwanga unaohama, si mwanga uliotulia. Akachukua betri ya gari iliyochakaa, paneli ya jua, kifaa cha kuwashia indiketa za pikipiki na balbu za tochi mbovu, akazungusha zizini taa zinazowaka kwa zamu kana kwamba kuna mtu anatembea. Simba wakakaa mbali. Tuzo ya kwanza ya maana aliyopata haikuwa kadibodi. Ilikuwa nafasi ya kusoma, ada imelipwa, katika moja ya shule ghali za Nairobi. Mwaka 2023 Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilimpa tuzo yake ya wavumbuzi vijana, akiwa bado anaiboresha kazi ileile. Hivyo ndivyo mlolongo unavyopaswa kuwa: mtoto anaonekana, anasomeshwa, kazi inaendelea, heshima inakuja juu ya kitu kinachofanya kazi.

Young Scientists Tanzania, iliyoanza 2011 kwa kufuata mfano wa Ireland, nayo imefanya jambo ambalo Serikali ingepaswa kuiga: washindi wake wamelipiwa masomo ya chuo kikuu kwa ufadhili wa taasisi ya Karimjee. Ada ya chuo ni zawadi ambayo haiishi mwezi ujao. Maonyesho ya Ireland yenyewe yalianza Dublin mwaka 1965, yakiasisiwa na wanafizikia 2 wa chuo kikuu, na hayajakoma. Kijana aliyeshinda mwaka 2005, Patrick Collison, alikwenda kuanzisha na ndugu yake kampuni ya malipo ya Stripe, na sasa kampuni hiyo ndiyo imechukua udhamini wa maonyesho. Imechukua miaka 20 kwa duara hilo kufunga. Waandaaji wetu wengi hawana hata namba ya simu ya aliyeshinda miaka 2 iliyopita.

Hapo tunaigeukia Serikali. Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, MAKISATU, yalianza 2019 na yana sifa moja ambayo haitajwi vya kutosha: yanampokea hata fundi wa mtaani asiye na cheti, sambamba na mwanafunzi wa msingi, wa sekondari, wa chuo cha ufundi na wa chuo kikuu. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ina jukumu la kuwaendeleza wanaoibuliwa. Wengine wameendelezwa, tunalijua hilo na hatulifichi. Lakini mwananchi wa kawaida akitaka kujua kila mshindi yuko wapi, kazi yake imefika hatua gani na imetumia shilingi ngapi, aende wapi? Orodha ya aina hiyo inapaswa kubandikwa wazi kama yanavyobandikwa matokeo ya mitihani. Na tukikumbuka kwamba nchi za Afrika zilikubaliana Khartoum mwaka 2006 kila moja ifikishe asilimia 1 ya pato lake kwenye utafiti, tutaelewa kwa nini hafla zinapendwa: hafla ni rahisi kuliko asilimia 1.

Lipo na jambo la kisheria ambalo linatukera zaidi ya yote, kwa sababu linamdhuru mtoto moja kwa moja na hakuna anayemwonya. Hataza hutolewa kwa kitu kipya. Katika sheria za nchi nyingi, ukishakionyesha hadharani kabla ya kuwasilisha maombi, upya wake unaweza kuhesabiwa umekwisha, isipokuwa pale sheria inapotoa muda mfupi wa nafuu, nao unatofautiana kutoka nchi hadi nchi. Sasa fikiria tunachofanya. Tunamwita binti wa kidato cha tatu mbele ya kamera, tunamtaka afungue kifaa chake na kueleza kila waya unakwenda wapi, tunarusha mtandaoni, kisha tunampa cheti. Ofisi ya BRELA, inayopokea maombi ya hataza, iko Dar es Salaam; kwa Zanzibar, ambako miliki bunifu ina sheria yake, kuna wakala wake. Ni waandaaji wangapi wanaoweka meza ya msajili ukumbini wiki moja kabla ya maonyesho, wakalipa ada ya maombi kwa kazi zinazostahili? Kumwanika mtoto namna hiyo ni kumpora kwa kumpigia makofi.

Tena si lazima kila tuzo isubiri kuona mtu ameleta nini. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza lilitaja tatizo, kujua meli iko wapi baharini upande wa mashariki au magharibi, likataja kipimo, kosa lisizidi nusu nyuzi, na likataja bei, pauni 20,000. Aliyelitatua hakuwa profesa wa nyota kama wakubwa walivyotarajia. Alikuwa John Harrison, seremala aliyejifundisha kutengeneza saa. Waamuzi walimzungusha kwa miaka mingi, hadi Bunge likaingilia mwaka 1773 na kumlipa sehemu ya mwisho akiwa mzee wa miaka 80. Tuchukue uwazi wa lile tangazo, tuwaachie wenyewe ile danadana. Halmashauri ya mkoani Arusha au Manyara iseme: tunataka njia ya kupunguza floraidi kwenye maji ya kisima cha shule hadi kiwango hiki, kwa gharama isiyozidi hii kwa ndoo, na atakayefaulu tutanunua vifaa kwa shule kadhaa. Kijana mwenye akili atajua afanye nini Jumatatu.

Neno kununua ndilo linalokwepwa. Wafadhili walipotaka chanjo ya kichomi iwafikie watoto wa nchi maskini, hawakugawa ngao kwa watafiti. Waliweka ahadi ya dola bilioni 1.5 za kununulia chanjo itakayokidhi vigezo, na Kenya ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kuwachanja watoto wake mwaka 2011. Hatuna mabilioni hayo. Lakini madawati, madumu, taa za mabweni na vifaa vya maabara tunanunua kila mwaka, na ni nadra sana mnunuzi kuuliza kama kuna mshindi wa mashindano yetu wenyewe anayetengeneza.

Kuhusu matokeo ya mitihani, msimamo wetu ni mfupi. Baraza la Mitihani lilipoacha Januari 2023 kutangaza wanafunzi 10 bora na shule 10 bora, kwa hoja kwamba watoto hawasomi katika mazingira yanayofanana na kwamba kuzitaja shule ni kuzitangazia biashara, lilifanya sawa. Walilia zaidi wenye shule kuliko wazazi. Mabango ya barabarani yenye nyuso za watoto na alama zao hayakwisha, na tungependa Wizara ya Elimu iyaangalie kwa jicho kali. Mtoto wa miaka 16 si tangazo la duka. Ufaulu unaostahili tuzo upewe tuzo ya masomo. Ndiyo sababu tunauunga mkono mpango wa Samia Scholarship ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa Sh bilioni 3, unaowalipia chuo waliofanya vizuri zaidi kidato cha sita katika sayansi. Una kasoro moja ya kufikiriwa: unampata aliyekwisha kufika kidato cha sita, na wengi wa aina ya Mpemba hukatikia njiani.

Tutaambiwa kwamba tukiwabana wafadhili watakimbia, na watoto wakose hata hicho kidogo. Hoja hiyo tumeisikia kwenye kila jambo linalotakiwa kuhesabiwa, na haijawahi kuwa ya kweli kwa mfadhili mwenye nia. Benki inayotoa mkopo wa milioni 2 inajua mkopaji anaishi nyumba ya ngapi kutoka msikitini. Haiwezi kutuambia imempoteza mtoto iliyempa milioni 5.

Kwa hiyo tunadai haya, na tutayadai tena mwakani. Kila mwandaaji, awe wizara, kampuni, benki, chuo au ubalozi, achapishe kabla ya hafla yake hatima ya washindi wake wa miaka 3 iliyopita: nani anasoma wapi, kazi gani inaendelea, ipi imekufa na imekufa kwa nini. Zilizokufa zisifichwe, mtafiti anajifunza hapo. Robo ya fedha ya kila tuzo iende kwenye maabara ya shule iliyomlea mshindi, na nyingine imfikie mwalimu kwa jina lake, kwenye akaunti yake, nauli yake ikiwa imelipwa kabla hajapanda basi na si baada ya stakabadhi kuzungushwa ofisi 4. Ushauri wa hataza utangulie kamera. Fomu ya majaji itenge alama kwa daftari la majaribio, ikiwemo majaribio yaliyoshindikana, na mwanafunzi mwenye daftari bila mashine asikatwe. Hotuba ya mgeni rasmi iwe dakika 5, na muda utakaobaki wapewe wanafunzi waulizane maswali wao kwa wao, jambo ambalo hatujawahi kuliona kwenye ratiba ya hafla yoyote.

Waandaaji watakaotuletea taarifa za washindi wao tutazichapisha zote, bila malipo, na majina yao tutayaweka kwa herufi kubwa kama wanavyopenda kuyaona kwenye mabango. Watakaoleta mwaliko na ratiba tu, waandishi wetu watakwenda na swali moja mkononi, na jibu litakalotolewa, au litakalokosekana, ndilo litakalokuwa habari ya siku hiyo.